MAMBO YA NYUMBANI: Marehemu Naye Aandikwe

Mwezi uliopita tulizungumza habari za cheti cha kuzaliwa, na walimu wawili wa shamba wameniandikia wakiuliza: Na cheti cha kifo je? Chapatikana wapi, nacho chamfaa nani, maana aliyekufa amekwisha kuzikwa na hana haja ya karatasi? Swali hili ni jema, nami nalijibu kwa haya kidogo, kwa sababu jibu lake nalilipata kwa kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita alifariki seremala mmoja wa mtaa wetu, mtu mwenye kazi ya mshahara, baba wa watoto wanne. Alifia nyumbani usiku, na kesho yake alasiri tukamzika. Mimi ndimi niliyeandika barua ya maziko. Nikaandika jina lake la ubatizo na jina la baba yake, kama tulivyomjua kanisani, nikatia mhuri. Mwanawe akaichukua barua ile, na karatasi zote zilizofuata zikafuata jina lile.

Hata arobaini ilipopita, mjane akaenda kuuliza haki za mumewe kazini. Akaambiwa kwa upole, "Mama, mtu wa jina hili hatunaye." Kumbe kazini aliandikwa kwa jina alilopewa na wazazi wake, kabla hajaingia katika dini. Basi mbele ya serikali aliyekufa ni mmoja, na aliyekuwa akipokea mshahara ni mwingine. Mama yule alizunguka miezi kumi na mmoja. Aliuza cherehani yake, ndiyo iliyokuwa ikimpa riziki, apate nauli na ada ya shule. Nami kila nilipokutana naye njiani niliona aibu, maana taabu yake ilitoka katika kalamu yangu.

Mwisho alisaidiwa na nini? Alisaidiwa na kitabu cha ubatizo. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa ameandika majina yote mawili, la nyumbani na la ubatizo, katika mstari mmoja. Wazee wawili waliomjua marehemu tangu ujana wakala kiapo, ikaandikwa hati ya kiapo kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, ndipo karatasi zikasahihishwa. Mstari mmoja wa mwalimu mwangalifu ulifungua mlango ambao mstari wangu uliufunga.

Basi na tujue kwanza cheti cha kifo ni nini. Barua ya maziko ya kanisa si cheti, wala karatasi ya daktari si cheti. Hizo ni ushahidi tu. Cheti ni maandiko ya Msajili wa serikali, yatokayo katika daftari lake, yakisema fulani alifariki siku fulani, mahali fulani. Bila cheti hicho mirathi haigawanywi mahakamani, fedha zilizowekwa benki hazitoki, haki za kazini hazilipwi, na jina la shamba au nyumba halibadiliki. Tena walimu wajue jambo hili: mjane au mgane akija kutaka kufunga ndoa ya pili, ni lazima kanisa lipate hakika ya kifo cha mwenzi wake wa kwanza. Neno la mdomo halitoshi.

Hapa Zanzibar uandikishaji wa vizazi na vifo ulikuwa na sheria yake tangu zamani za Waingereza. Siku hizi kazi hiyo ni ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, uliowekwa kwa Sheria Nambari 3 ya mwaka 2018, ambao pia huandika ndoa na talaka na kutoa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Unguja ina wilaya saba: Mjini, Magharibi A, Magharibi B, Kati, Kusini, Kaskazini A na Kaskazini B. Mwenye msiba huanzia katika wilaya yake, naye sheha ndiye mlango wa kwanza.

Mambo ya kufanya ni haya.

Kwanza, kama mtu amefia hospitali, msiondoke na maiti tu. Ombeni karatasi ya daktari, mkaisome pale pale kabla ya kutoka. Jina likikosewa herufi, lisahihishwe siku ile ile, maana siku ile ni kazi ya dakika tano, na baada ya mwaka ni kazi ya mahakama.

Pili, kama amefia nyumbani, sheha apewe habari kabla ya maziko, au siku ile ile, si baada ya arobaini. Ndugu zetu wa Unguja huzika upesi, na sisi pia twazika upesi kwa sababu ya joto. Lakini upesi wa kaburi usitusahaulishe kalamu.

Tatu, chaguliwe mtu mmoja wa ukoo, mwenye kusoma na mwenye subira, aende kwa Msajili. Achukue karatasi ya daktari au ya sheha, kitambulisho cha marehemu, na kitambulisho chake mwenyewe. Asiende mlevi wa huzuni, yaani mke au mama, ambaye hawezi kukumbuka hata tarehe. Mjane aketi na watu wake, na kijana mwenye akili aende.

Nne, jina liandikwe kama lilivyo katika kitambulisho, na katika karatasi za kazi na za benki. Kama alikuwa na majina mawili, semeni mapema kwa Msajili, msifiche. Juma akibatizwa Petro, karani hana njia ya kujua kuwa Petro ndiye Juma, asipoambiwa.

Tano, mkipokea cheti, fanyeni nakala, na cheti chenyewe kiwekwe mahali pakavu pamoja na cheti cha ndoa. Nimeona vyeti vilivyoliwa na mchwa kabla mirathi haijagawanywa.

Sasa nitataja jambo linalowapotosha wengi. Kifo huandikwa mahali kilipotokea, si mahali pa kaburi. Mgonjwa wetu akipelekwa Muhimbili, Dar es Salaam, akafia huko, kisha akaletwa kuzikwa Unguja, Msajili wa Zanzibar si wake. Usajili wa Bara ni wa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, nao una sheria yake ya asili ya mwaka 1920, yenye kuagiza kifo kiandikishwe kabla siku 30 hazijapita. Kwa hiyo waliomsindikiza mgonjwa wasipande meli kurudi kabla hawajapata karatasi za kule. Naye aliyefia ng'ambo, kama Oman au Uingereza, cheti chake hutolewa na serikali ya nchi ile, na ubalozi wetu huulizwa njia ya kukifanya kikubalike huku nyumbani.

Na yule ambaye maiti yake haikuonekana? Sisi watu wa visiwani twalijua swali hili kwa machozi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyotoka Unguja kwenda Pemba, ilizama mbali kidogo na Nungwi. Maiti 203 zilipatikana, na tume ya serikali ilitaja watu zaidi ya elfu moja kuwa hawakuonekana kabisa. Wengi walikuwa wamepanda bila majina yao kuandikwa sawasawa. Hebu fikirini msiba wa nyumba ile: hakuna kaburi, hakuna karatasi ya daktari, hata orodha ya abiria haina jina. Iko kanuni ya zamani tuliyoirithi katika sheria za Waingereza, nayo imo katika Sheria ya Ushahidi ya Bara ya mwaka 1967, kwamba mtu asiyesikika habari zake miaka kadhaa kwa wale ambao wangepaswa kuzisikia aweza kuhesabiwa amekufa. Lakini mwenye kuamua ni mahakama, si ukoo wala kanisa. Mwenye shida hii na ashike ushahidi wake mapema: tiketi, barua, majina ya waliomwona akipanda. Kisha amwendee wakili au mahakama, asikae miaka akingoja bahari imjibu.

Walimu wale wawili waliuliza pia habari za kutafuta vifo vya zamani. Mwenye kutafuta aende na jina kamili, la baba na la babu, shehia alikofia, na mwaka, au miaka miwili mitatu iliyo karibu. Aombe jina litazamwe kwa maandiko yote: Hamisi na Khamis, Yohana na John. Kama halionekani, asikasirike, bali aombe jibu hilo kwa maandishi, maana hata neno "halikuonekana" ni ushahidi wa kuanzia. Kisha avitazame vitabu vya maziko vya kanisa. Kwa habari za kale zaidi iko Nyumba ya Nyaraka pale Kilimani, yenye karatasi za serikali za zamani. Na karatasi nyingi za misheni ya UMCA, iliyofika Unguja mwaka 1864, zimewekwa Oxford, Uingereza, katika maktaba ya Bodleian.

Lakini ajue kwamba wako wasioandikwa popote. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Unguja kikaua maelfu. Tabibu James Christie, aliyekuwako siku zile, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kikachapwa mwaka 1876. Twajua kwa kitabu kile jinsi maradhi yalivyokuja na yalivyoenea. Majina ya wafu hatuyajui, maana daftari la vifo halikuwako. Na pale Mbweni walikaa watu waliotolewa utumwani, wengine waliletwa wadogo hata hawakujua jina la kijiji chao. Kwa watu kama hao mstari wa kitabu cha kanisa ulikuwa ukoo wao wote. Wajukuu wao wakija leo kuuliza, twafungua kitabu, na pale mwandishi alipokuwa mvivu, mjukuu hurudi mikono mitupu.

Walimu wenzangu, neno langu la mwisho ni lenu. Tangu kisa cha seremala nimejiwekea kanuni, nami nawaomba muishike. Siandiki barua ya maziko mpaka nimeona kitambulisho cha marehemu kwa macho yangu. Naandika jina la ubatizo, na jina la kitambulisho, na jina la baba, na mahali, na saa. Kisha namwuliza mwenye msiba, "Sheha amepewa habari? Nani atakwenda kwa Msajili, na siku gani?" Jibu nalitia katika daftari langu, na baada ya wiki mbili naenda kuuliza tena.

Mjane yule alipata haki yake, lakini cherehani haikurudi. Alinisamehe, akaniambia neno moja tu: "Mwalimu, siku ile mlimzika mume wangu vizuri, lakini hamkumwandika." Nami sijalisahau.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza habari za wosia, na jinsi ya kuuandika mtu akiwa mzima na akili zake. Wasalaam.

Ni mimi mwalimu wenu, Mjini Unguja.