Mapaa Kabla ya Masika

Masika yakaribia. Mwaka jana tulilipuuza paa la mabati la chumba cha bibi yetu. Chumvi ya bahari ilikuwa imekwisha kula misumari, na usiku mmoja maji yakamshukia kitandani. Tangu hapo, adhuhuri ya jua kali twafunga madirisha na kutazama juu: penye nukta ya mwanga ndipo panapovuja. Makuti nayo tusiyatazame tu. Tuyadunge makombamoyo kwa ncha ya kisu, kwani mchwa huyala kwa ndani. Wenye sakafu za chokaa, kama zile za Lamu, wazibue milizamu mapema. Maji yakituama juu, boriti huoza kwenye ncha zilizomo ukutani, pasipofikiwa na jicho.