Pampu Imekufa, Eti Tumeiua Sisi

Tukilalamika tunaambiwa waharibifu ni sisi wenyewe. Watoto wanabembea kwenye mpini, akina mama wanapampu kwa hasira, wakimbizi hawana uchungu na mali. Haya, tuhesabu basi.

Kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 hapa Dowa, Malawi, mahali palipokuwa gereza, ikapangiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Mwaka 2023 serikali ilipowaamuru wenzetu wa Lilongwe na miji mingine warudi kambini, walikuja na magodoro, watoto na ndoo. Hakuna aliyekuja na kisima. Malawi yenyewe inahesabu watu 250 kwa pampu moja ya mkono. Sisi ndoo zetu zinapanga foleni tangu usiku wa manane, na mpini haupumziki. Raba gani isiyoisha?

Maana ni raba tu, na hapo ndipo panapotuchoma. Pampu iliyozagaa Malawi ni Afridev, iliyotengenezwa miaka ya 1980 na kujaribiwa humu humu nchini na kule Kenya, ili mwanakijiji aweze kuifungua mwenyewe. Spana moja inatosha. Unafungua kichwa, unavuta vyuma, unabadilisha raba ya pistoni na bushi za mpini, unarudisha. Hata dalili za ugonjwa tunazijua: ukipampu asubuhi ukapata hewa tupu kwa muda mrefu kabla maji hayajapanda, ujue vali ya chini inavuja. Mama yeyote wa foleni atakwambia, wala hakusomea.

Raba hubadilishwa kila mwaka kabla haijakatika, na kwa foleni kama yetu hata mapema zaidi. Kwetu inasubiriwa pampu ife kabisa. Ndipo barua inaandikwa, inapanda, inalala mezani kwa mtu aliye semina. Fundi akija, hana raba. Raba ikija, fundi kahamishwa.

Halafu tunahubiriwa tuige vijiji: kaya zichange, kamati ya maji iwe na daftari na akiba. Sawa, ni utaratibu mzuri, hatuukatai. Lakini mwenye shamba kule kijijini akivuna ana mahindi ya kuuza, atachanga. Sisi tumekatazwa kuishi na kufanya biashara nje ya kambi, mgao wa chakula nao umepunguzwa. Tuchange nini? Na bado tulijikamua tukachanga kidogo kidogo, tukaambiwa spana iko ofisini, ofisi imefungwa, mwenye ufunguo yuko Lilongwe.

Cha ajabu, pesa ya kuchimba kisima kipya haikosekani. Kisima kipya kina kibao, kina nembo, kina wageni wa kupiga picha na watoto wa kuimba. Raba haina mahali pa kuandikwa jina la mfadhili! Tumeona wapimaji wakizunguka tena kutafuta pa kuchimba, hatua chache tu kutoka kwenye pampu iliyokufa.

Wachimbe, hatuwazuii. Ila spana ile waitoe leo, pamoja na mfuko wa raba na bushi, wakabidhiwe vijana wetu waliokwisha fundishwa kuitengeneza pampu. Wakiogopa tutaiuza, waifunge mnyororo pale pale kwenye pampu, na ufunguo apewe mama anayeamka wa kwanza.