Kima wa Jozani Nimewalipia, wa Mbizi Je?

Haya wadau, nimerudi chuo. Najua nimepotea tangu UE zianze, na wapo walioulizana huko vibarazani kama nimedisko. Sijadisko. Nina sapu moja ya takwimu, nimeshaifanya, nasubiri majibu, na tusiiongelee zaidi ya hapo.

Leo nataka kuongelea kima. Ndiyo, kima, hawa wa mitini.

Kwanza nieleze kwa wasionijua. Mimi ni mtoto wa Sumbawanga, nasoma hapa Unguja. Najua Muungano ni wa tangu 1964 na Zanzibar siyo nje ya nchi, lakini jaribu wewe kukaa kwenye basi kutoka Sumbawanga, upite Laela, Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro, ufike Dar miguu imevimba kama mihogo, halafu upande boti. Ukishuka pale Malindi unasikia Kiswahili kingine kabisa, na jua linakupiga hadi unakosa adabu. Kwetu Julai tunavaa makoti na kuota moto. Hapa Julai wenyeji wanajifunika shuka wanalalamika baridi, mimi nimefungua dirisha lote.

Sasa, mwezi ule wa saba bumu lilikuwa limebaki kidogo, mitihani imeisha, tukasema tusiondoke kisiwani kama tuliokuwa jela. Tukaenda Jozani, wasichana wanne. Kutoka Tunguu unasimama barabarani unadaka daladala ya Makunduchi, 310, unashushwa getini. Rahisi hivyo, na nilikaa miaka miwili bila kufika!

Wale kima punju jamani ni wazuri. Mgongo mwekundu, mikono myeusi, nywele nyeupe zimezunguka uso kama mzee aliyekataa kunyoa. Hawana kidole gumba. Wapo wanaokula mkaa, na mwongozaji alitueleza kwamba majani wanayokula, ya miembe na mikungu, yana sumusumu, mkaa unawasaidia tumboni. Barabara ya pale ina matuta kwa ajili yao, maana zamani magari yalikuwa yanawagonga sana. Nikawaza, mimi mwanafunzi nagongwa na bodaboda kila siku hakuna anayeniwekea tuta. Teh teh teh.

Mwongozaji akaanza kutuuliza kila mtu atokako. Mwenzangu wa kwanza Tanga, wa pili Pemba, wa tatu Moshi. Zamu yangu nikasema Sumbawanga. Akaruka hatua mbili nyuma. "Dada, weye usinirushie radi!" Watu wakacheka. Nimeshazoea. Kila ninapotaja kwetu lazima niulizwe habari za uchawi, wakati jina lenyewe kwa Kifipa ni kuambiwa uutupe huo uchawi wako kabla hujaingia. Watu wa mji wenye jina la kukataza ndio tunaosingiziwa!

Lakini akaendelea. "Sasa huko kwenu kuna nini cha kutembelea?" Nikajibu haraka haraka, "Baridi na mahindi." Wakacheka tena. Yeye hakucheka. Akasema amewahi kusikia kwa watafiti kwamba Ufipa kuna kima wekundu, jamaa wa hawa hawa, kwenye msitu wa Mbizi.

Wadau, milima ya Mbizi naiona nikifungua mlango wa nyumba yetu. Nimezaliwa naiona. Nikaambiwa kilichomo ndani yake na mtu ambaye hajawahi kufika Sumbawanga, tena nikiwa nimelipa kiingilio.

Usiku ule hosteli sikulala, nikawa natafuta kwenye simu. Ni kweli tupu. Watafiti wa shirika la WCS waliwahesabu wale wa Mbizi na kuandika habari zao mwaka 2007. Shirika hilo hilo ndilo lililokuja kuhesabu kima punju wa Unguja na mwaka 2017 likatangaza kuwa wapo zaidi ya 5,800, mara tatu ya walivyodhaniwa. Hawa wa kwetu ni wa aina nyingine, wenye rangi ya kijivu na kofia nyekundu kichwani, ndugu wa wale wa Gombe wanaowindwa na sokwe, na wa Kibale kule Uganda. Ila wa Mbizi wamebaki peke yao kwenye kipande cha msitu juu ya mlima, kuzunguka kote ni majani na mashamba. Hawana pa kukimbilia.

Likizo nikaenda nyumbani nikiwa na jambo moja tu kichwani. Mjomba akaniombea kibali ofisi ya misitu, tukapanda. Siku ya kwanza hatukuona kitu, ukungu tu na baridi ya kukata masikio, kule juu ni zaidi ya mita 2,000. Siku ya pili, kama saa nne asubuhi, matawi yakatikisika, nikawaona sita au saba hivi, mbali. Hawakutusogelea kama wa Jozani. Walitutazama kidogo tu wakaondoka zao. Nilitoa machozi, mjomba akadhani nimeumwa na mdudu.

Nitasema na mengine niliyoyaona. Visiki. Vingine vibichi bado vinatoa utomvu. Na pembezoni moto umepita, majani meusi mpaka kwenye mizizi ya miti mikubwa.

Nilikuwa na hotuba nzima tayari kwa ajili ya babu yangu, anayelima chini ya huo mlima. Nikaanza. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza, "Mjukuu wangu, umesafiri siku zote hizo kuja kuangalia nyani?"

"Siyo nyani babu, ni kima wekundu."

"Na hao wa huko kisiwani, mtu akienda kuwaangalia analipa?"

"Analipa."

"Hela inakwenda kwa nani?"

Hapo nikamweleza kuhusu Pete na vijiji vingine vya jirani na Jozani. Zamani wakulima wa kule nao walikuwa hawataki kuwasikia kima punju, wanawaita waharibifu wa minazi. Ukapangwa utaratibu wa sehemu ya viingilio kurudi kwa wanakijiji, na waliokuwa wanaliwa mazao wakafidiwa. Kisha watafiti wakaichunguza hiyo minazi wakakuta kima wakila vidaka, mavuno ya mwisho hayapungui. Jozani ikaja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Sisemi kila mtu kule sasa anafurahi, nimesoma nao chuoni watoto wa vijiji hivyo na malalamiko yao nayajua. Lakini mtu wa Pete ukimuuliza kima wana faida gani, ana jibu.

Babu akakaa kimya muda mrefu. Akasema, "Mimi nikikata mti mmoja, leo leo ugali umeiva na nyumba ina joto. Huyo kima akibaki hai, napata nini?"

Sikuwa na jibu, na bado sina la kumtosha. Ningeweza kumwambia maji anayokunywa yanatoka kwenye msitu ule ule, na ni kweli, na anajua kuliko mimi. Ndiyo maana siku hizi nakasirika ninapoona matangazo ya utalii wa ndani yanayotuhimiza tu "tupende vya kwetu", na picha ni Serengeti, Ngorongoro na fukwe za huku niliko. Babu hapungukiwi upendo. Anapungukiwa kuni za Juni. Mtu akitaka Mbizi ibaki aanze na kuni, aanze na miti ya kupanda karibu na nyumba, halafu wageni wakija, waje na hela inayoonekana kijijini.

Na wageni wenyewe tuanze kuwa sisi. Hapa nitawachukiza baadhi ya walimu wangu, mnisamehe. Sekondari tulichora bonde la ufa ubaoni miaka minne. Mishale, tabaka za miamba, majina ya kukariri. Hakuna siku tulipelekwa kusimama ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa tukaliona Ziwa Rukwa liko kule chini, na lenyewe limelala ndani ya bonde la ufa! Ziwa lisilo na mto wa kutokea, lenye mamba na viboko, na sisi tunakariri mfano kutoka kwenye kitabu. Wanyama wa porini niliowahi kuwaona kabla ya Jozani ni twiga wawili kupitia dirisha la basi, tukielekea Mpanda, maana barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Katavi. Dereva hata hakupunguza mwendo.

Kalambo je? Maji yanaporomoka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, mpakani mwetu na Zambia, na makorongo wanajenga viota kwenye kuta za bonde. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kwamba upande wa Zambia, karibu na maporomoko hayo, yamepatikana magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale yapata miaka 476,000 iliyopita. Dunia nzima iliandika. Lami inakufikisha Matai, halafu unachukua njia ya Kapozwa. Wangapi tuliosoma wote Sumbawanga tumefika? Mimi sijafika. Nimefika Prison Island kupiga picha na kobe wa Ushelisheli.

Sitaki Mbizi iwe kama Jozani pia, naomba nieleweke. Jozani watu wanasogea mno kupiga picha hadi kima wamesahau kuogopa, na wale wa kwetu ni wachache na wana haki ya kuwa na aibu. Watu kumi kwa wiki, na mwongozaji wa kijijini, ingetosha.

Basi nimepanga hivi. Likizo fupi ya Februari, mvua zikiwa zimejaza mto, nakwenda Kalambo. Mjomba anakuja, wadogo zangu wawili wanakuja, na nimekuwa nikitenga elfu mbili mbili kwenye kila bumu. Mwenye kutaka kuungana nasi aniambie mapema ili tupange usafiri wa kutoka Matai. Juzi nimempigia babu kumwaga. Ameishi Ufipa maisha yake yote na Kalambo hajawahi kuyaona. Amesema atakuja kama nauli nalipa mimi, na akauliza kama huko tutakaa hadi saa ya kula.