Bwanyenye akitoa mchango, muulize kwanza ushuru wake

Ukinunua data ya Sh100, serikali imeshachukua mgao wake kabla hujafungua TikTok. Kama umeandikwa kazi, KRA hukutangulia kwenye mshahara, wewe unapokea kilichobaki. Hakuna anayekuuliza kama ungependa kutoa, wala pesa zako ungetaka zijenge nini. Sasa mtazame bwanyenye akitoa mchango. Kiasi anachagua yeye, siku anachagua yeye, kanisa anachagua yeye, na kamera huwa zimefika mapema.

Mchezo huu ni wa zamani, tena haukuanza kwetu. Andrew Carnegie alizaliwa Scotland, mtoto wa mfumaji nguo, akahamia Marekani na kutajirika kwa chuma cha pua. Mwaka 1889 aliandika makala akidai ni aibu kwa tajiri kufa akiwa bado amekumbatia mali yake. Matajiri wa leo hupenda sana kumtaja kwa hilo. Wanachoruka ni kwamba katika makala hayo hayo aliunga mkono ushuru mkubwa kwenye mali ya tajiri aliyefariki.

Miaka mitatu baadaye, wafanyakazi wa kiwanda chake cha Homestead, Pennsylvania, walikataa kupunguziwa malipo. Carnegie alikuwa Scotland. Msimamizi wake, Henry Frick, akawaleta walinzi wa kukodiwa 300 hivi, usiku, kwa mashua, wakiwa na bunduki. Watu takriban 10 walikufa. Chama cha wafanyakazi kikavunjwa, na zamu ya saa 12 ikawa ndiyo kawaida. Kisha mwaka 1898 Carnegie akawafungulia maktaba ya kifahari karibu na hapo, yenye ukumbi wa muziki na bwawa la kuogelea. Mazee, hebu fikiria umesimama mbele ya tanuri saa 12, halafu unakaribishwa ukasome kitabu.

Kampuni hiyo iliuzwa mwaka 1901 kwa dola milioni 480. Ushuru wa mapato wa serikali kuu ya Marekani haukuwepo wakati huo, ulirudi 1913. Kufikia kifo chake 1919, Carnegie alikuwa ametoa dola milioni 350 hivi na kujenga maktaba zaidi ya 2,500. Nyingi zimesomesha watoto wa maskini, na hilo hakuna wa kulipinga. Lakini watu wa Homestead hawakuwahi kuulizwa: mnataka maktaba, au mnataka mshahara wenu?

Mwaka 1917 Marekani iliruhusu anayetoa msaada apunguziwe ushuru. Mlango ukapanuka. Leo tajiri akiupa wakfu hisa zilizopanda bei, faida ile haitozwi kitu, na juu ya hapo anapata punguzo. Hata asipotoa, utajiri wake mwingi uko kwenye hisa, na hisa hazitozwi mpaka ziuzwe. Mwaka 2011 Warren Buffett, mmoja wa matajiri wakubwa duniani na mtoaji mkubwa pia, alijianika mwenyewe gazetini: yeye alilipa asilimia 17.4 ya mapato yake, wafanyakazi wa ofisi yake wakilipa wastani wa asilimia 36. Angalau huyu alisema.

Turudi nyumbani, maana hapa ndipo watu hunyamaza. Kenya ilikuwa na ushuru wa urithi. Ukafutwa 1982. Ilikuwa na ushuru wa faida ya kuuza mali kama mashamba na majengo. Ukasimamishwa 1985, na haukurudi hadi Januari 2015, tena kwa asilimia 5 pekee. Sasa ni asilimia 15, tangu 2023. Miaka hiyo yote karibu 30, mwalimu na karani waliendelea kukatwa kila mwisho wa mwezi bila likizo. Leo mshahara mnono hukatwa hadi asilimia 35. Kwa hivyo jasho linatozwa zaidi ya ploti.

Utaniambia: si hata huo ushuru huibwa? Kweli, huibwa. Ila pesa za umma zina Mkaguzi Mkuu, zina mahakama, na Kifungu cha 201 cha Katiba kinasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Bahasha ya mheshimiwa haina mkaguzi. Juni 2024 vijana waliujadili Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, kuanzia VAT ya mkate hadi ushuru wa gari, wakaingia barabarani, na mswada ukaondolewa. Wengine wao hawakurudi nyumbani. Mchango huwezi kuuandamania hivyo. Ukiupinga utaambiwa huna shukrani. Si ajabu kwamba vijana hao hao walizigeukia harambee za wanasiasa makanisani, na Julai Rais William Ruto akatangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee tena.

Chukua kalkuleta ya simu. Tuseme mtu alinunua shamba kando ya mji kwa Sh2 milioni, serikali ikapitisha barabara ya lami hapo kwa pesa za ushuru, naye akauza kwa Sh50 milioni. Faida ni Sh48 milioni. Kwa kiwango cha leo angelipa Sh7.2 milioni. Kama aliuza mwaka 2010, kwenye faida hiyo hakulipa hata ndururu. Jumapili akatoa Sh1 milioni ya darasa, jina lake likachorwa ukutani, na wazazi wakapiga makofi. Bado amebaki na Sh6.2 milioni ambazo zingekuwa za umma, na darasa la pili halijajengwa.