Hila ya Homa ya Mafua

Aghalabu sisi wa nchi tambarare ya Nyakach, tukimwona mtoto pale Pap Onditi akihema kwa taabu, hudhani ni malaria, wala homa ya mafua hatuitii hesabuni, ilhali wataalamu wa taasisi ya utafiti ya KEMRI, waliopima wagonjwa miaka mingi huko Lwak, Asembo, wamebaini kwamba virusi vyake vimo miongoni mwetu takriban mwaka mzima.

Na hila ya maradhi haya yastahili kufahamika. Kwa desturi kirusi kipya huchomoza juu ya seli, kikafunguliwa na kimeng'enya kiitwacho nyuraminidasi, kisha kikaiendea seli nyingine, na hapo njiani ndipo kingamwili hukidaka. Lakini utafiti wa maabara uliochapishwa mwaka 2015 umedhihirisha kwamba mafua ya aina ya A huweza pia kupitisha jeni na protini zake ndani ya mirija myembamba ya protini iitwayo aktini iungayo seli na seli, mfano wa mwizi apitaye mlango wa uani, bila kukutana na kingamwili, wala kukihitaji kimeng'enya kile kizuiwacho na dawa ya oseltamiviri.

Je, chanjo haifai basi? Hasha! Kingamwili zilizotangulia kuundwa kwa chanjo huvizuia virusi vya kwanza kabla havijaingia seli yoyote. Kwa hiyo naisihi Wizara ya Afya: ushauri wa jopo la kitaifa la chanjo wa mwaka 2016, kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe mafua kila mwaka, utekelezwe kila kaunti, na Pap Onditi isisahauliwe.