Polisi aliyepona korona, nani amemuuliza kama analala?

Kila mara korona ilipopanda, tulisikia maneno yale yale: muvae barakoa, munawe mikono, musikusanyike. Na aliyetumwa barabarani kusimamia maneno hayo alikuwa askari polisi. Ilikuwa hivyo tangu Rais wa Jamhuri atangaze hali ya dharura tarehe 24 Machi 2020. Ilikuwa hivyo tena tarehe 18 Desemba mwaka ule, ilipoanza amri ya kutotembea usiku, saa tatu hadi saa kumi na moja ya alfajiri. Na ndivyo ilivyokuwa katika wimbi la tatu, mwaka 2021. Sokoni, kwenye mpaka, kwenye kilio ambako watu walibishana juu ya maiti, mtu wa kwanza kusukumana na raia alikuwa yeye. Wengine waliongea na watu kwa redio, mimi nikiwa mmoja wao, lakini yeye alipumua pumzi yao.

Basi aliambukizwa. Hiyo si ajabu. Ajabu ni kilichofuata. Alifungiwa, akapewa dawa, vipimo vikasema hana tena virusi, akarudishiwa bunduki na kesho yake alikuwa kazini. Faili ikafungwa. Hakuna aliyemuuliza kama analala, kama anakula, kama mke wake bado anaongea naye.

Kuna askari mmoja ninayemfahamu, baba wa watoto wanne, anaishi katika kambi moja ya huku Mashariki. Jina lake silitaji, wala mji. Siku walipomchukua, gari la wagonjwa liliingia kambini mchana, mbele ya watu wote, na watu waliomshika walikuwa wamevaa zile nguo nyeupe tulizozizoea wakati wa Ebola. Kwa jirani zake ilikuwa kama mazishi. Alipotoka, mke wake alikuwa ameacha kuuza sombe kwa sababu hakuna aliyenunua tena mikononi mwake. Watoto walikatazwa kuchota maji kwenye bomba hadi wengine wamalize. Kazini wenzake walimbandika jina: Korona. Wanacheka, naye anacheka nao. Komanda wake akampanga zamu ya usiku, kwani mchana wenzake hawakutaka kusimama karibu naye.

Aliniambia kwamba kinachomsumbua si jina lile. Ni mama yake. Alimtembelea siku chache kabla ya kujua kwamba anaumwa, wakala pamoja, na mama akafariki bila kupimwa. Hadi leo hajui kama ni yeye aliyempelekea. Kila usiku anakaa na swali hilo na bunduki kwenye magoti. Kanyanga inamsaidia kidogo, anasema.

Nimeeleza hayo kwa watu na wamenijibu vikali. Wananiambia: unataka tumhurumie polisi? Yule aliyetutoza franka kwa sababu barakoa iko chini ya kidevu? Yule aliyepiga motari kiboko kwa kuchelewa dakika kumi? Ninawaelewa. Nami nimetoa hizo franka, na nimezitangaza redioni, nikapata vitisho vyangu. Polisi aliyemwibia raia afikishwe mbele ya sheria, sina neno jingine juu ya hilo.

Lakini tufikiri pamoja. Mtu asiyelala wiki tatu, anayekunywa ili asahau, anayejiona ameua mama yake, huyo ndiye tunayempa silaha na kumweka baryeri saa nne ya usiku, akutane na kijana aliyechelewa kurudi nyumbani. Munamwogopa kijana gani hapo? Mimi ninamwogopa askari. Anayesema hataki kumhurumia, basi ajihurumie mwenyewe na watoto wake wanaopita pale. Na tukubali pia kwamba sisi raia tuliongeza mzigo. Wale waliomkatalia mke wake sombe hawakuwa wakubwa wa polisi, walikuwa majirani.

Jibu la pili ninalolipata linatoka kwa wakubwa wenyewe, nalo linanikasirisha zaidi. Wanasema askari ni mwanaume, amefundishwa kuvumilia, mambo ya wanasaikolojia ni ya Wazungu na mashirika yao. Ati mtu akianza kulia leo, kesho kikosi kizima kitalia. (Na wanawake waliomo katika polisi, sijui wanawaweka wapi katika usemi huo.) Maneno ya namna hiyo ndiyo yanayofanya askari afiche. Anajua kwamba akisema halali, atanyang'anywa silaha mbele ya wenzake, posho itakatwa, na hatapandishwa cheo. Kwa hiyo anasema yuko sawa, na komanda anaandika yuko sawa.

Tena si kweli kwamba hatujui kufanya. Hapa Kivu ya Kaskazini na Ituri tulipigana na Ebola tangu tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020, na ugonjwa ule ulichukua watu 2,287. Katika kazi ile kulikuwa na watu wa kushughulikia roho za wagonjwa na familia zao. Waliopona wa Beni, Mangina na Butembo waliwekewa kliniki za kuwafuatilia: macho yanapimwa, mwili unapimwa, na mwanasaikolojia anakaa nao na kuwasikiliza. Waliopona wengine walipewa kazi ya kulea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, na jirani aliyewakimbia akaanza kuwaona tena kama watu. Yote hayo yalifanyika katika nchi hii, mikononi mwa vijana wetu. Wengi wao baadaye walibaki nyumbani bila kazi.

Na nani alikuwa anawalinda waganga wa Ebola? Polisi. Tarehe 9 Machi 2019, watu wenye silaha waliposhambulia kituo cha matunzo cha Butembo, askari polisi mmoja alikufa pale. Waliosimama naye waliendelea na kazi, na mwaka uliofuata wakatumwa kwenye korona.

Sheria ya tarehe 1 Juni 2013 juu ya hali ya watumishi wa Polisi ya Taifa inamtambulia askari haki ya matunzo ya afya. Kichwa nacho ni sehemu ya mwili. Goma tuna Tulizo Letu, Bukavu wana SOSAME, vituo ambavyo watu wanaviita vya vichaa na kupita mbio. Askari hatakwenda pale akiwa na unifomu, tusidanganyane. Lazima msaada umfuate kambini.

Tarehe 6 Mei 2021 tuliingia katika hali ya kuzingirwa, na manaibu gavana waliowekwa wakati ule Kivu ya Kaskazini na Ituri wote wawili walitoka polisi. Hawawezi kusema hawajui maisha ya kambi. Ninachoomba hakihitaji bunge. Wachukue vijana waliofundishwa wakati wa Ebola, wawatume kambini siku moja kwa wiki. Anachosema askari kisifike kwa komanda wake. Kila aliyeambukizwa aonane nao kabla ya kurudishiwa bunduki, awe na shida au asiwe nayo, ili asiwepo wa kuonyeshwa kidole. Akihitaji wiki mbili zaidi, apewe, na mshahara wake usiguswe. Na siku ya kurudi kazini, komanda amsimamishe mbele ya wenzake kwenye gwaride na kumkaribisha kwa jina lake alilopewa na wazazi.

Sisi wa redio nasi tuna deni. Wakati wa korona tulisoma hesabu ya wagonjwa, eneo la afya kwa eneo la afya, na sikumbuki siku niliyouliza wangapi kati yao ni polisi. Nimeanza kuuliza. Wakubwa wa polisi wakitaka kunijibu, mikrofoni iko wazi, na maandishi yao nitayaweka hapa bila kukata neno.