Maziwa Si Kinga ya Risasi



Katika karakana za kuvunja betri za magari na kuyeyusha risasi iko desturi ya zamani: mtu hupewa maziwa, akaambiwa anywe, sumu itatoka. Hatusemi maziwa ni mabaya. Mwenye njaa hunyonya risasi nyingi kuliko aliyeshiba, basi na tunywe. Lakini tajiri akitaka maziwa yahesabiwe kuwa ndiyo kinga yetu, hapo twakataa.

Mwili una walinzi wake. Hewa tuivutayo hutupa uhai, na hewa hiyo hiyo huacha ndani yetu chembe kali zinazokula mwili kama kutu ilavyo chuma. Mmoja wa walinzi wakubwa wa kuzizima chembe hizo hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa katika ini; madaktari humwita glutathioni. Nguvu yake imo katika salfa. Kwa bahati mbaya risasi nayo hushikamana sana na salfa. Ikiingia kwa moshi au vumbi, humkamata mlinzi pale pale penye nguvu zake. Tena huzuia kazi ya kutengeneza damu, na vitu vilivyokusudiwa kuwa damu hulundikana, vikazaa chembe kali nyingine. Adui waongezeka, askari wapungua. Ndipo mtu huchoka bila sababu, tumbo likamsokota, damu ikapungua, figo na mishipa ya fahamu ikaharibika.

Wala haitoki upesi. Katika damu, nusu yake huchukua kama mwezi mzima kuondoka. Iliyoingia mifupani hukaa miaka mingi sana. Likizo ya juma mbili itafaa nini?

Na vumbi hilo twalipeleka nyumbani katika nguo, kwa watoto, ambao risasi huwadhuru ubongo. Hata jirani asiyefanya kazi hiyo hasalimiki. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walikaa kando ya kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kwa rufani. Fedha ni haki yao, lakini haziitoi risasi katika mifupa ya mtoto.

Kwa hiyo twataka mashine za kuvuta moshi pale pale unapotoka. Sakafu imwagiwe maji, isifagiwe kavu. Pawe na bafu na mahali safi pa kulia, na nguo za kazi zifuliwe kiwandani. Damu ipimwe, na kila mtu aambiwe hesabu yake mwenyewe, si karani peke yake kuifungia kabatini.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, na wajumbe wetu wamo. Kama kwenu kamati hiyo haipo, au ipo kwa jina tu, mjumbe wenu alete habari ofisini kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi.